Kondoo anakonda, anachechemea, ananyonyoka sufu: tafuta chanzo kabla ya kwenda duka la dawa

Kondoo huficha ugonjwa. Atafuatana na wenzake, atainamisha kichwa kana kwamba anakula, na siku utakapomwona amebaki nyuma ya kundi ujue shida ina wiki kadhaa mwilini. Ukimshika, jiulize kwanza mambo matatu: ni wa mbegu gani, alizaliwa wapi, na mvua ilianza lini. Majibu yake hupunguza orodha ya magonjwa kuliko kitu kingine chochote utakachofanya pale zizini bila maabara.

Anakonda, macho yamepauka, ana uvimbe laini chini ya taya

Hii ndiyo dalili inayoua kondoo wengi zaidi mvua zikikolea, na mara nyingi chanzo ni mnyoo mmoja, Haemonchus contortus, anayekaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Kila mnyoo hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Kondoo mwenye minyoo 5,000 anapoteza kama mililita 250, na kondoo wa kilo 30 ana damu ya lita mbili tu hivi. Piga hesabu mwenyewe ataishi siku ngapi.

Usisubiri ahare. Mnyoo huyu haleti kuhara. Kinyesi kinaweza kuwa kigumu cha kawaida huku mnyama anaishiwa damu. Kipimo ni jicho. Mpeleke kondoo kwenye mwanga wa jua, sukuma kope la juu lifunike jicho, kandamiza kidogo, kisha vuta kope la chini. Tazama rangi ya utando wa ndani, si mishipa ya kwenye weupe wa jicho. Wafugaji wa Afrika Kusini walitengenezewa kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA: 1 ni nyekundu iliyoiva, 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 4 na 5 wanyweshe dawa siku hiyohiyo. Wa 3 mnyweshe ikiwa ni mwanakondoo, mwenye mimba au anayenyonyesha. Wa 1 na 2 waache. Msimu wa mvua rudia ukaguzi kila wiki mbili.

Kuwaacha wazima bila dawa huwakera wengi, lakini kuna sababu. Ukinywesha kundi zima kila mwezi, minyoo inayobaki hai ni ile tu iliyoishinda dawa, na ndiyo itakayotaga. Jike mmoja wa Haemonchus hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo kizazi sugu hujaza malisho upesi sana.

Ikiwa kondoo wanachungwa kwenye majaruba, kando ya mto au kwenye kinamasi, dalili hizi hizi za macho meupe na uvimbe wa taya zinaweza kuwa za minyoo bapa ya ini. Hapo dawa za minyoo za ivermectin na levamisole hazitafanya lolote. Albendazole huua minyoo bapa iliyokomaa peke yake, tena kwa kipimo kikubwa zaidi ya kile cha minyoo ya kawaida. Triclabendazole huua hadi ile michanga. Ukichinja, pasua ini: mirija minene na migumu kama mabomba, yenye vidude bapa kama majani, haina mjadala.

Dawa imenyweshwa, hali ni ileile

Kabla ya kusema dawa ni feki, chunguza ulivyoinywesha.

Kosa la kwanza ni kukisia uzito. Macho hupunguza kilo za kondoo, hasa dume. Albendazole ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita. Kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kilo, kondoo wa kilo 30 anataka mililita 6, na wa kilo 50 anataka 10. Ukiwapa wote 6, wale wazito wanabaki wakizalisha minyoo sugu. Mizani ya kuning'iniza na gunia lenye mishipi inatosha. Kama huna, pima kwa mzito kuliko wote katika rika hilo. Levamisole ndiyo usiyoizidisha ovyo, kwani kipimo chake salama ni chembamba: kondoo aliyezidishiwa hutoa povu mdomoni na kutetemeka.

Kosa la pili ni mahali dawa inapodondokea. Ukiipuliza mbele ya mdomo, sehemu yake huruka tumbo kubwa na kupita upesi, isikae muda wa kutosha kuua. Ingiza mpira wa bomba pembeni mwa mdomo, penye pengo lisilo na meno, hadi nyuma ya ulimi, kisha bonyeza taratibu. Kichwa kiwe sawa na mgongo. Ukikiinua juu kama unamnywesha soda, dawa itaingia mapafuni, na kikohozi cha siku tatu zijazo utakuwa umekileta wewe.

Yote yakiwa sawa na bado macho ni meupe, peleka kinyesi cha kondoo kumi maabara siku ya kunywesha, na cha walewale siku 10 hadi 14 baadaye. Mayai yakipungua chini ya asilimia 95, dawa hiyo imeshindwa shambani kwako. Badilisha kundi la dawa. Kubadilisha jina la chupa hakusaidii. Chupa mbili zenye picha tofauti zinaweza kuwa albendazole zote mbili. Na albendazole usimpe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, maana inaweza kumharibu kijusi.

Waliotoka mnadani wanakufa, wenyeji wazima

Hapa tatizo lilinunuliwa pamoja na mnyama. Kondoo kutoka nyanda kavu zisizo na kupe wa kahawia wa masikioni akihamishiwa penye kupe hao, anaweza kupata ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa huko mwaka 1910. Homa hupanda hadi nyuzijoto 41 au 42, kisha kuhara kijani chenye ute na baadaye damu, makamasi mazito, na wenye mimba huzitupa. Katika kundi geni vifo vinaweza kupita asilimia 70, huku wenyeji wa pale, waliokutana na kirusi wakiwa wadogo, wakila majani bila habari. Dawa yake mahususi haipo. Kinga ni kuoshwa kwa dawa ya kupe kabla ya safari na kila wiki baada ya kufika, lakini kinga bora ni kununua ndani ya ukanda mmoja wa hali ya hewa.

Kuhara na makamasi yakifuatana na vidonda mdomoni na harufu mbaya, mbuzi nao wakiugua, fikiria sotoka ya mbuzi na kondoo. Zuia mifugo isitoke wala kuingia na umwite ofisa mifugo siku hiyo. Huo si ugonjwa wa kutibia kimyakimya.

Swali la mbegu linaanzia hapahapa. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kwa kupandisha Dorset Horn na Blackhead Persian, kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Anakua upesi, wauzaji hutaja kilo 36 kwa miezi minne, nazo si uongo, ila ni za kondoo anayeshiba kwenye nchi kavu. Mpeleke penye unyevunyevu na minyoo uone. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, ulionyesha kondoo mwekundu wa Kimaasai akistahimili Haemonchus na kufa kidogo kuliko Dorper katika mazingira yaleyale. Ni mdogo na hana sura ya kupigiwa picha, lakini anabaki hai.

Kwa Kajiado, Narok, Simanjiro na kwingine kwenye ukame wa kupokezana na mvua, njia inayolipa ni jike mwekundu safi kwa dume la Dorper, kisha watoto wote kuuzwa nyama. Tatizo huanza pale watoto hao nao wanapopandishwa na Dorper, na wajukuu tena na Dorper. Kizazi cha tatu kina umbo zuri na kinakufa mvua ya kwanza. Ndiyo maana kundi la majike safi lazima litunzwe kando, na dume lao jekundu. Angalia pia mkia: dume asiyezoea majike wenye mkia mnene wa mafuta hushindwa kupanda, na mfugaji anadhani majike ni tasa. Mchanganye na majike hao mapema, mmoja kwa 25, umwone akifanya kazi.

Ukitaka sufu, panda juu: Kinangop, Molo, Mau Narok na miinuko kama hiyo. Merino ana sufu laini kuliko wote, lakini hachukuliani na matope. Kwato huoza na sufu huvunda mgongoni. Corriedale wa New Zealand, mchanganyiko wa Merino na Lincoln, hutoa nyama na sufu na ni mvumilivu zaidi. Romney Marsh alitoka kwenye vinamasi vya Kent, Uingereza, na miguu yake inajua maji. Penye ardhi nzito ya baridi ndiye wa kuanzia. Kumfuga yeyote kati yao Kibaha au Kilifi kwa ajili ya sufu ni kutafuta gharama.

Anachechemea

Mgeuze umkalishe kitako, unuse kwato. Kuoza kwato kuna harufu yake, na ukiisikia mara moja huisahau. Huanza kwa wekundu na unyevu katikati ya vidole, kisha pembe ya ukwato inaachana na nyama kuanzia upande wa ndani. Usichonge hadi damu itoke: zamani ilifanywa hivyo, na inajulikana sasa kwamba huchelewesha kupona. Ondoa uchafu na kipande kinachoning'inia tu, choma oxytetracycline ya muda mrefu ya asilimia 20, mililita 1 kwa kilo 10 ndani ya msuli, na umweke sakafu kavu siku nzima.

Kwa kundi, andaa karo ya miguu: kilo 1 ya zinki salfeti kwa lita 10 za maji, kina cha sentimita 5 hadi 7, wasimame dakika 10 hadi 15 miguu ikiwa imeshaoshwa matope. Kuwapitisha mbio ni kupoteza dawa. Wakitoka wasimame pakavu saa moja. Mrututu wa buluu, yaani shaba salfeti, usiuweke: kondoo mwenye kiu ataunywa na shaba itamuua. Vijidudu vya ugonjwa huu haviishi malishoni zaidi ya wiki mbili hivi bila ukwato, basi wahamishie malisho yaliyopumzika muda huo, na asiyepona baada ya mara mbili muuze kwa nyama. Watoto wake nao watakuwa hivyohivyo.

Harufu isipokuwepo, na juu ya ukwato kuna mstari mwekundu wa joto, uso umevimba, mate yanamtoka na midomo imepasuka, huo ni ugonjwa wa ulimi wa buluu, unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Merino na wenzake wa Ulaya hulala chini. Wa kienyeji mara nyingi haonyeshi kitu. Chanjo hutangulia mvua, na yenye kirusi hai haipewi jike aliyetoka kupandwa.

Sufu inanyonyoka

Kwanza, kama ni Dorper, hilo ni umbile lake. Hupukutisha manyoya mwenyewe, na hana haja ya mkasi.

Kama ni wa sufu, tazama anajikuna au hajikuni. Mkwaruze kwa vidole kwenye kiraka kilichonyonyoka: akianza kutafuna hewa na kuchezesha midomo, shuku upele wa utitiri. Fungua sufu pembezoni mwa kiraka, ndipo utitiri ulipo. Katikati kuna magamba tu. Chawa huonekana kwa macho ukipasua sufu juani. Vyote viwili havitibiwi kwa bomba la mgongoni kondoo akiwa na sufu ndefu, kwa kuwa dawa huishia juu na ngozi inabaki kavu. Kwa utitiri, ivermectin ya sindano mara mbili, ya pili siku saba baada ya ya kwanza, au josho ambamo kondoo hukaa dakika nzima na kuzamishwa kichwa. Wakati mzuri wa josho ni wiki mbili hadi nne baada ya kunyoa, majeraha yamefunga na sufu imeota kidogo.

Asipojikuna, chukua kitita chembamba cha sufu, shika ncha zote mbili, kinyooshe na ukigonge kwa kidole karibu na sikio. Sufu nzima hulia kama uzi wa gitaa. Ikikatika kila mara pale pale, kuna siku mwili ulikosa chakula au ulishikwa na homa kali, na unywele ukawa mwembamba. Pima umbali wa kukatika kutoka kwenye ngozi, uulinganishe na urefu wa mwaka mzima, na utaujua mwezi wenyewe. Mara nyingi utakuta ni kiangazi au wiki za kuzaa. Sufu hiyo haina dawa tena. Cha kufanya ni hei na pumba mwakani kabla ya mwezi huo.

Siku ya kunyoa inakwenda vibaya

Kondoo anapiga mateke: ameshiba, au miguu yake imeshika chini. Asile kuanzia jioni iliyotangulia, saa 12 zinatosha. Mkalishe kitako, mgongo ukiegemea magoti yako, umlaze kiasi kwamba kwato haziko ardhini. Akikosa pa kukanyagia anatulia. Jike wa wiki za mwisho za mimba umwache hadi azae.

Mkasi unatafuna badala ya kukata: asubuhi ya baridi mafuta ya sufu yameganda. Subiri jua lipande. Ikiwa bado, makali yamekwisha. Mkasi wa mkono hunolewa kwenye ule upande wa mshazari tu, na jiwe la mafuta hupitishwa tena kila baada ya kondoo kadhaa.

Ngozi inakatwa: mkono wa kushoto haufanyi kazi yake. Kazi yake ni kuvuta ngozi iwe kama ya ngoma mbele ya mkasi. Pale penye mkunjo wa ubavu na paja, ala ya uume, chuchu na mshipa wa nyuma ya goti, funika kwa kiganja kabla ya kukata. Usivute sufu juu, maana ngozi huifuata. Jeraha dogo lipakwe iodini. Kubwa lishonwe, na chanjo ya pepopunda iwe imetangulia. Kondoo wenye majipu chini ya sikio au mbele ya bega wanyolewe mwisho kabisa na mkasi uoshwe kwa dawa, la sivyo usaha huo utapita kwenye kila mkwaruzo wa kundi.

Mnunuzi anakata bei: fungua ngozi ya sufu uangalie vipande vifupi vya sentimita moja mbili. Hivyo hutokea unaporudi kupita mahali ulipokwisha kunyoa ili paonekane nadhifu. Acha mistari ibaki, itaota. Sufu yenye unyevu huvunda gunini, kwa hiyo aliyenyeshewa hanyolewi. Ya tumbo na yenye kinyesi ifungwe kando. Anza na weupe, wenye rangi wafuate. Usifunge kwa kamba ya katani wala gunia la plastiki lililochakaa: nyuzi zake zikiingia hazitoki, wala hazishiki rangi sawa na sufu.

Kondoo anakufa usiku baada ya kunyolewa: baridi. Miinukoni nyoa Januari au Februari, si Julai, na walale ndani wiki ya kwanza. Waongezee chakula, mwili unachoma zaidi.

Anazunguka upande mmoja, kichwa kimeinama

Wamaasai huita ormilo. Ni mfuko wa maji kwenye ubongo, uliotokana na mayai ya tegu wa mbwa. Duara huanzia mbwa anayekula kichwa cha kondoo mgonjwa, anayenya malishoni, kondoo anakula majani hayo. Kondoo mwenyewe chinja mapema. Vunja duara kwa kuteketeza vichwa, na mbwa wote wa boma wapewe dawa ya tegu, praziquantel, miligramu 5 kwa kilo, kila baada ya wiki sita hivi.

Usiuchanganye na jike wa mapacha wiki za mwisho za mimba anayejitenga, haoni vizuri na pumzi yake inanukia utamu. Huyo ana njaa ya sukari: mnyweshe propilini glaikoli mililita 60 mara mbili kwa siku, na nafaka gramu 300 hadi 500 kwa siku kwa wenzake kuanzia wiki sita kabla ya kuzaa.

Macho ya njano, mkojo wa rangi ya kahawa

Uliza anakula nini. Chakula cha ng'ombe wa maziwa, chumvi ya ng'ombe na mbolea ya kuku vina shaba ambayo ng'ombe huibeba na kondoo hujilimbikizia kwenye ini kwa miezi, kisha siku moja inamwagika kwenye damu. Ondoa chakula hicho kwa kundi zima, mwite daktari kwa waliobaki, na siku zote nunua chumvi iliyoandikwa ya kondoo.

Mimba zinatoka kwa mkupuo

Jike mmoja akitupa mimba kunaweza kuwa na sababu nyingi. Wengi kwa wiki moja, baada ya mvua kubwa na mbu wengi, wanakondoo wachanga nao wakifa ndani ya siku mbili: hiyo ichukulie kuwa homa ya Bonde la Ufa hadi maabara iseme vinginevyo. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwa kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha, na milipuko ya 1997–98 na 2006–07 iliua watu Kenya na Tanzania. Usiguse kijusi, damu wala kondo kwa mikono mitupu, usichinje, usinywe maziwa mabichi, na usikubali kundi lichanjwe kwa sindano moja wakati mlipuko umeshaingia. Piga simu kwa ofisi ya mifugo, fukia kijusi shimo refu kwa chokaa, na wachungaji walale ndani ya neti.